Haidrojeli na maji: mwongozo kamili wa kupima unyonyaji kwa mikono yako

Kwenye pakiti za unga wa kuhifadhi unyevu shambani huandikwa kwamba unga hunyonya maji mara 300, mara 400, wakati mwingine mara 500 ya uzito wake. Namba hizo zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado zisikufae kitu. Zimepimwa kwa maji yasiyo na madini yoyote. Chukua unga uleule, utie kwenye maji ya kisima cha pwani chenye chumvi, na namba itaporomoka siku hiyohiyo. Unga haujaharibika. Ni kwamba kiasi cha maji ambacho haidrojeli, yaani jeli inayovimba kwa maji kama unga huu ukilowa, inashika huamuliwa na pande mbili, mtandao wa polima ulio ndani na maji yaliyo nje, na pakiti inakueleza upande mmoja tu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kemia au baiolojia, mwanafunzi wa sekondari, na mkulima wa bustani anayetaka kujua kama unga anaouziwa utamfaa kwa maji aliyonayo. Vifaa vinapatikana mtaani. Anza na maelezo ya mwanzo hata kama una haraka, kwa sababu bila hayo utapata namba usizojua zinasema nini.

Ndani ya jeli kuna nini

Polima ni molekuli ndefu, mnyororo wa vipande vidogo vinavyojirudia maelfu ya mara. Minyororo ikiachwa ielee huru majini hupati jeli, unapata maji mazito yanayoteleza. Ili iwe jeli, lazima minyororo ishikane hapa na pale. Sehemu hizo za kushikana nitaziita mafundo. Kuna mafundo ya kudumu, yaliyofungwa kikemia, na kuna mafundo ya muda, yanayoshikiliwa na ioni (chembe zenye chaji ya umeme) au na minyororo kujisokota pamoja inapopoa. Unga ulio ndani ya nepi za kutupa una mafundo ya kudumu, hivyo hata ukiuchemsha hauyeyuki. Jeli ya agari na ya mwani ina mafundo ya muda. Ukiichemsha inarudi kuwa maji.

Tuanze na unga wa nepi. Kikemia ni sodiamu poliakrilati. Sehemu kubwa ya vipande vya mnyororo wake vina kundi la kaboksilati lenye chaji hasi, na kila chaji hasi ina mwenzake, ioni ya sodiamu yenye chaji chanya. Maji yanapoingia, ioni za sodiamu zinaachiana na mnyororo na kuzunguka huru, lakini haziwezi kutoka nje ya punje. Zikitoka kwa wingi zitaacha chaji hasi tupu ndani, na mvuto wa umeme utazirudisha. Kwa hiyo kila punje inakuwa na maji ya chumvi yaliyofungiwa, ilhali nje kuna maji matupu. Osmosisi, ile tabia ya maji kuelekea penye chumvi nyingi, inafanya kazi yake: maji yanaingia, yanaingia, yanaendelea kuingia.

Kinachoyasimamisha ni mafundo. Kipande cha mnyororo kati ya fundo na fundo kimejikunja hovyo kikiwa kikavu. Punje inapovimba, kinakunjuka na kuanza kuvuta kurudi. Kadiri mafundo yanavyokuwa karibukaribu, ndivyo mvuto huo unavyoanza mapema. Uvimbaji unakoma pale msukumo wa kuingia unapolingana na mvuto wa kurudi. Wanakemia Paul Flory na John Rehner waliuandikia usawa huo hesabu mwaka 1943, wakishughulika na mpira uliovimba kwenye viyeyushi, na hadi leo hesabu yao ndiyo msingi. Kwa jeli zenye chaji huongezwa mchango wa ioni.

Nguvu ya tatu ni mapatano ya maji na polima yenyewe. Molekuli za maji hushikana na sehemu za mnyororo kwa vifungo vya haidrojeni, na kushikana huko kunategemea joto. Kuna polima, poli(N-isopropili akrilamaidi), ambayo mapatano hayo huvunjika ghafla kwenye nyuzi 32 za Selsiasi hivi: jeli iliyovimba hutema maji na kusinyaa. Unga wa nepi hauna tabia hiyo, kwa hiyo katika vipimo vyetu joto la chumba linatosha, bila kuhangaika na kipimajoto.

Vitu vya kukusanya

Mizani ndiyo ya kuangalia kwanza. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haitoshi kupima unga mkavu. Tafuta ya kisonara inayosoma hadi 0.01, siku hizi ni ndogo na bei yake si kubwa. Ukikosa kabisa, nenda kwenye njia ya shanga na rula, ambayo nimeieleza baadaye.

Nepi moja ya kutupa, ambayo haijatumika. Chumvi ya mezani, siki, bikabonati ya soda, na unga wa jipsamu wa mafundi wa dari. Chupa au ndoo ndogo za lita moja, kama sita. Uzi na sindano.

Maji ya aina tatu au zaidi. Ya kwanza ni maji matupu: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi baada ya mvua kuosha bati vizuri, au maji yaliyokenekwa yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri. Hapo kwenye betri kuwa mwangalifu. Kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na vyote viwili hukaa kwenye rafu moja kwenye vyupa vinavyofanana. Asidi inaunguza ngozi na macho. Soma lebo, na kama huna hakika tumia ya mvua. Ya pili ni maji ya chumvi utakayotengeneza. Ya tatu ni maji utakayotumia kweli, ya bomba, ya kisima, ya mto, kutegemea uliko.

Hatua ya 1: Toa unga kwenye nepi

Chana nepi juu ya gazeti au ndani ya mfuko mkubwa angavu. Katikati kuna pamba ya massa ya mbao iliyochanganyika na punje nyeupe kama sukari. Tia pamba hiyo kwenye mfuko, funga mdomo, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha kata ncha ya chini ya mfuko uachie punje zitoke. Pamba itabaki juu. Fanya kazi hii mahali pasipo na upepo na ujifunike pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake likiingia njia ya hewa linanyonya unyevu hukohuko na kuwasha. Watoto wakae mbali hadi unga uwe umelowa.

Hifadhi unga kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Ukiuacha wazi msimu wa masika utanyonya unyevu wa hewa, na uzito wako wa mwanzo utakuwa wa uongo kabla hujaanza.

Usitupe kile kitambaa chembamba cha juu ya nepi, kinachogusa ngozi ya mtoto. Kinapitisha maji kwa urahisi lakini kinazuia punje, na ndicho kitambaa bora kwa hatua inayofuata. Kifuko cha chai hufanya kazi hiyo maabara, lakini kwa maji matupu jeli huvimba kuliko nafasi ya kifuko, na kifuko kikibana unapima kifuko.

Hatua ya 2: Pima kwa maji matupu

Kata kipande cha kitambaa, kikunje na ukishone kiwe kifuko cha sentimita 15 kwa 15. Tengeneza viwili. Kimoja kitabaki kitupu. Hicho ni cha kulinganishia.

Pima gramu 0.50 za unga, tia kwenye kifuko cha kwanza, shona mdomo. Tumbukiza vyote viwili kwenye lita moja ya maji matupu, ukiwa umevifunga uzi. Baada ya nusu saa vitoe, vining'inize kwa dakika 10 maji ya juu yachuruzike, kisha vipime. Usikamue. Mkono ukikamua unapima nguvu za mkono.

Hesabu ni hii: uzito wa kifuko chenye jeli, toa uzito wa kifuko kitupu kilicholowa, toa uzito wa unga mkavu, kisha gawanya kwa uzito wa unga mkavu. Tuseme kifuko chenye jeli kina gramu 118.7, kitupu kina 3.2. Utapata 118.7 − 3.2 − 0.5 = 115, gawanya kwa 0.5 ni 230. Unga umenyonya maji mara 230 ya uzito wake. Maana yake katika kila gramu 231 za jeli iliyo mbele yako, polima ni gramu moja tu. Ni zaidi ya asilimia 99.5 maji, na bado inasimama kwenye sahani.

Kwa maji matupu tegemea namba ya mamia. Kiwanda hiki na kile hutofautiana, kwa sababu ya mafundo. Nepi inatakiwa ishike mkojo mtoto akiwa ameikalia, hivyo watengenezaji huongeza mafundo, hasa kwenye ngozi ya nje ya punje, wakikubali inyonye kidogo ilimradi isigeuke uji. Unga wa shambani mara nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko mwingine, na wengi hutumia potasiamu mahali pa sodiamu.

Hatua ya 3: Rudia kwa maji ya chumvi, na kwa maji yako

Hapa ndipo penye uhondo wa kazi yote. Tengeneza maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita, yaani asilimia 0.9. Ni kiwango kinachokaribia chumvi ya damu, na viwanda vya nepi hupimia bidhaa zao kwenye maji ya namna hiyo kwa sababu mkojo si maji matupu. Rudia hatua ya 2 bila kubadilisha kitu kingine. Namba itaangukia kati ya 30 na 60. Kutoka mamia hadi hapo, kwa kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi.

Sababu unaweza kuikokotoa mwenyewe. Gramu moja ya unga ina ioni za sodiamu zipatazo milimoli 8.5 (milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe), tukichukua kwamba robo tatu ya makundi yake yana sodiamu, jambo la kawaida kwa unga wa viwandani. Ukizitawanya kwenye mililita 230 za maji unapata milimoli 37 kwa lita. Sasa angalia nje: gramu 9 za chumvi kwa lita ni milimoli 154 kwa lita. Jeli iliyovimba hivyo isingekuwa na cha kuvutia maji, maana nje kuna chumvi kuliko ndani. Inalazimika kusinyaa, ioni zake zisongamane, mpaka tofauti ndogo ya ndani na nje itoshe kulingana na mvuto wa mafundo. Fanya pia gramu 1, 3 na 20 kwa lita, uchore grafu ya unyonyaji dhidi ya chumvi. Mstari hushuka kwa kasi sana mwanzoni na kulala baadaye. Gramu ile ya kwanza ndiyo inayoumiza zaidi, na ndiyo iliyomo kwenye visima vingi vinavyoitwa "vya chumvi kidogo tu".

Kisha pima kwa maji yako ya kila siku. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye daftari na kuizungushia duara. Ya pakiti unaweza kuifuta.

Sasa chukua jeli ya maji ya chumvi, uihamishie kwenye ndoo ya maji matupu, ubadilishe maji mara tatu au nne. Itavimba tena. Chumvi ya mezani haikuharibu mtandao. Iliondoa tu tofauti iliyokuwa inavuta maji.

Hatua ya 4: Kalsiamu, ambayo ni habari nyingine

Koroga kijiko cha chai cha unga wa jipsamu kwenye lita moja ya maji matupu, uache usiku kucha, kisha mimina yale maji maangavu ya juu. Jipsamu ni salfeti ya kalsiamu na huyeyuka kidogo sana, gramu mbili na kitu kwa lita, lakini inatosha.

Weka humo jeli iliyokwisha kuvimba kwa maji matupu. Tazama kwa saa chache. Itasinyaa, itakuwa nyeupe kidogo, na ukiibonyeza itakuwa ngumu na kurukaruka kidoleni. Halafu irudishe kwenye maji matupu kama ulivyofanya na ile ya chumvi. Haitarudi ilivyokuwa.

Kalsiamu ina chaji mbili chanya. Ioni moja inaweza kushika makundi mawili ya kaboksilati, na makundi hayo yakiwa kwenye minyororo tofauti, hapo limezaliwa fundo jipya. Maji yenye kalsiamu kidogo, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kufanya sabuni isitoe povu, hufanya kazi hiyo taratibu. Kumwagilia mara ya kwanza huoni tofauti. Baada ya misimu, kila umwagiliaji umeongeza mafundo machache, na unga uliokuwa unanyonya mara 100 sasa unanyonya kiasi kidogo mno. Ukiloweka jeli hiyo kwenye maji ya chumvi nzito, sodiamu nyingi itang'oa sehemu ya kalsiamu, kisha suuza na itavimba tena kwa sehemu. Kwa maabara ni zoezi zuri. Kwa shamba ni ushauri mbaya, maana utakuwa umemwaga chumvi kwenye udongo.

Kama una nafasi, jaribu na siki. Asidi hurudisha haidrojeni kwenye makundi ya kaboksilati, chaji hasi zinazimika, ioni za sodiamu zinaachiwa ziende zao, jeli inasinyaa. Imwage siki, weka maji yenye bikabonati ya soda. Utaona mapovu ya kaboni dioksidi, na ukisuuza kwa maji matupu jeli inavimba upya. Asidi haikufunga mafundo mapya, ndiyo maana inarudi.

Hatua ya 5: Maji yaliyo ndani yamefungwa, au yako huru?

Wauzaji hupenda kusema maji "yamefungwa" ndani ya jeli. Tuyapime.

Chukua sahani mbili zinazofanana. Moja tia gramu 100 za maji matupu, nyingine gramu 100 za jeli iliyovimba kwa maji matupu, uitandaze ifunike sahani. Ziweke pamoja kivulini, uzipime asubuhi na jioni. Siku za mwanzo zitapungua karibu sawasawa. Jeli itaanza kubaki nyuma pale tu ikishapoteza sehemu kubwa ya maji na uso wake kusinyaa.

Kitaalamu maji ya ndani hugawanywa makundi matatu. Yapo yaliyoshikana moja kwa moja na mnyororo, ambayo hayagandi hata ukiyapeleka makumi ya nyuzi chini ya sifuri. Yapo ya katikati, yanayoganda lakini chini kidogo ya nyuzi 0. Na yapo huru, yanayoganda na kuyeyuka kama maji mengine. Hupimwa kwa kupoza jeli na kuangalia joto linalotoka na kuingia. Kundi la kwanza kwa kawaida ni kiasi kisichopishana sana na uzito wa polima yenyewe. Kwa jeli yetu ya mara 230, hiyo ni gramu moja hivi kati ya 230. Iliyobaki ni maji ya kawaida kabisa.

Kwa nini basi hayamwagiki? Watu hufikiria sifongo, lakini sifongo ina matundu unayoyaona na ukiiminya inatoa maji papo hapo. Nafasi kati ya minyororo ya jeli hupimwa kwa nanomita. Maji yanaweza kupita molekuli kwa molekuli, ndiyo maana yanakauka na ndiyo maana mzizi unaweza kuyanywa, lakini hayawezi kukimbia kwa wingi, na osmosisi inayapinga yasitoke. Ukitaka yatoke haraka bila kuminya, nyunyiza chumvi kavu juu ya jeli. Dakika chache tu sahani imejaa maji. Darasani hakuna onyesho linaloshinda hili.

Maji yaliyoshikana na polima huwa na umuhimu katika jeli zisizovimba sana. Lenzi laini za macho ndio mfano ulio bora. Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa Chekoslovakia, walitangaza jeli ya aina hiyo mwaka 1960, na Krismasi ya 1961 Wichterle akatengeneza lenzi nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto, ikizungushwa na dainamo ya baiskeli. Lenzi ya polima hiyo ina maji asilimia 38 tu. Sehemu kubwa ya maji hayo yako karibu na mnyororo, na oksijeni inayofika kwenye jicho hupita ndani ya maji hayo, kwa hiyo kila asilimia ina maana. Kwenye unga wa nepi maswali hayo hayana uzito.

Hatua ya 6: Muda, kwa shanga na rula

Shanga za jeli zinazouzwa kwa kupambia maua ni nzuri kwa hatua hii, na hazihitaji mizani. Onyo moja kabla ya yote: zisifikiwe na mtoto mdogo. Akimeza moja ikiwa ndogo itavimbia tumboni na kuziba utumbo, na hilo limekwisha kutokea, hata kwa vifo.

Pima kipenyo cha shanga kavu. Panga kumi kwa mstari, pima urefu, gawanya kwa kumi. Ziloweke na upime kila saa. Ujazo hukua kwa mchemraba wa kipenyo: shanga iliyotoka milimita 2 ikafika 12 imekua mara sita kwa kipenyo na mara 216 kwa ujazo. Kwa hiyo kosa dogo la rula linakuwa kubwa kwenye jibu, na ndiyo sababu ya kupanga kumi.

Utaona kwamba punje za nepi zilimaliza ndani ya dakika huku shanga zikichukua saa nyingi, hata usiku kucha. Polima na maji lazima vipishane, mtandao ukijipanua kidogokidogo kuanzia nje, na muda wake hufuata mraba wa ukubwa. Kipenyo mara mbili, muda mara nne. Wanafizikia Toyoichi Tanaka na David Fillmore walionyesha hesabu yake mwaka 1979. Kata shanga ikiwa katikati ya kuvimba na utaona kiini kigumu kilichozungukwa na jeli laini. Kwa bustani inayomwagiliwa na mvua fupi ya nusu saa, punje kubwa ni hasara: mvua itakuwa imekwisha nazo hazijashiba.

Hatua ya 7: Jeli ya mwani, ambapo chumvi inageuka rafiki

Baada ya yote hayo unaweza kuondoka ukiamini chumvi ni adui wa kila jeli. Mwani utakurekebisha. Zanzibar ilianza kilimo cha mwani cha kibiashara mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, na aina mbili ndizo zinazojulikana sokoni: spinosamu na kotonii. Zote zina karajini, polima ya sukari yenye makundi ya salfeti. Ya kotonii ni aina ya kapa, ya spinosamu ni ayota.

Osha mwani mkavu mpaka mchanga na chumvi ya juu viishe, uloweke usiku kucha. Chemsha gramu 30 kwenye lita moja ya maji kwa moto mdogo kwa saa moja au zaidi, ukiongeza maji yanapopungua, hadi mwani uvurugike. Chuja ukiwa wa moto kwa kitambaa safi, maana ukipoa hautapita. Gawanya kwenye vikombe.

Kwenye moto minyororo ya karajini inaelea huru. Inapopoa inajisokota miwili miwili, kisha misokoto hiyo inakaribiana na kuwa fundo. Salfeti zina chaji hasi, hivyo misokoto ingesukumana kama kusingekuwa na ioni chanya za kuituliza. Kapa hupenda potasiamu, ayota hupenda kalsiamu. Tia kwenye kikombe kimoja cha kotonii chumvi mbadala yenye kloridi ya potasiamu, nusu kijiko cha chai, koroga ikiwa moto, na uilinganishe na isiyotiwa. Ya potasiamu itakuwa ngumu zaidi na itakatika kwa kisu. Kwenye spinosamu tumia maji ya jipsamu kupikia; utapata jeli laini, inayonesanesa.

Viache vikombe usiku kucha. Kotonii italia: matone ya maji yatakusanyika juu na pembeni. Misokoto yake inaendelea kukaribiana hata baada ya kuganda, mtandao unajibana, maji yanatemwa. Spinosamu hailii sana, kwa kuwa misokoto yake haikusanyiki kwa karibu vile. Ndiyo tofauti inayomfanya mpishi wa viwandani achague moja au nyingine, na kotonii ndiyo yenye bei nzuri, ingawa wanawake wanaolima Unguja na Pemba watakuambia haistahimili maji ya kina kifupi yanapopata joto.

Ukienda nayo shambani

Mzizi una nguvu ya kutosha kuvuta sehemu kubwa ya maji ya jeli, kwa hiyo wazo la kuchanganya unga na udongo ni sahihi. Lakini punje iliyofukiwa haivimbi kama iliyo ndani ya ndoo. Udongo unaibana. Fanya jaribio la kifuko ukiwa umeweka jiwe la kilo moja juu yake, uone kinachobaki. Ongeza hapo chumvi ya mbolea, kwa kuwa mbolea nyingi za kuyeyuka ni ioni, na kalsiamu ya maji yako.

Ushauri wangu ni huu. Pima kwa maji yako, ukiwa umeweka uzito, kisha loweka na kukausha jeli ileile mara tano kwa maji hayohayo na upime tena. Namba ya mwisho ikiwa chini ya 30, pesa hiyo nunua samadi au matandazo. Ikiwa juu ya 80, jaribu kwenye vitalu vya miche na mashimo ya miti kwanza, ambako gramu chache huhudumia mche mmoja, kabla ya kufikiria ekari. Unga huu ni polima ya sintetiki na huoza polepole sana, kwa hiyo usiutawanye kwa mkono uliojaa.

Jeli iliyobaki usiimwage kwenye sinki wala chooni. Itavimba ndani ya bomba na fundi atakudai. Inyunyizie chumvi nyingi mpaka isinyae, mwaga maji yanayotoka mbali na mimea, kausha mabaki juani na uyatupe na takataka kavu.